Marehemu Mdhamini

Chini ya milima ya theluji, upande ambako jua huchomoza kabla watu hawajalihitaji, ipo nchi inayowaheshimu wanawake kuliko nchi zote duniani. Wenyeji wake hawapendi itajwe ovyo, basi na ibaki bila jina. Mwenye kuijua ataijua.

Ushahidi wa heshima hiyo uko wazi. Nchi imetawaliwa na mwanamke kwa miaka ishirini na miwili. Huyo ni Mama Mkuu, binti wa Baba Mwasisi, ambaye alipigwa risasi. Asipotawala yeye hutawala Mama Mbadala, mjane wa Jenerali, ambaye naye alipigwa risasi. Wanawake hao wawili hawajasemezana kwa miaka kumi na tisa. Kila mmoja hulitukana kaburi la mwenzake na siku huenda. Wageni wenye madaftari huja kutoka ng'ambo kujifunza imekuwaje wanawake wakapanda juu namna hiyo. Huoneshwa makaburi mawili ya marumaru, wakarudi kwao wameridhika.

Wanasheria wa nchi waliona kwamba jambo lililofanikiwa mara mbili haliwezi kuwa bahati, wakalitungia sheria. Ikaitwa Sheria ya Marehemu Mdhamini. Inasema kila mwanamke ana haki kamili ya kugombea cheo chochote, mradi aambatishe marehemu mmoja wa kiume: baba, mume au baba mkwe. Kaka hukubaliwa akiwa amefia gerezani. Kwa uwaziri, marehemu awe ameuawa kwa risasi au bomu. Kwa ubunge ajali ya ndege inatosha, ikiwa ndege ilikuwa ya serikali. Kwa udiwani hata homa ilikubalika zamani, lakini siku hizi ushindani umekuwa mkali. Kwenye bango, picha ya marehemu huchukua robo tatu. Robo iliyobaki ni ya mgombea, naye hutakiwa amtazame marehemu, asiwatazame wapiga kura. Wanaume hawaambatishi mtu. Inaaminika kwamba mwanamume akiwa hai, hiyo peke yake ni sifa ya kutosha.

Kufa kufaana, walisema wahenga. Katika nchi ile maneno hayo yamechongwa kwa herufi za dhahabu juu ya mlango wa Bunge.

*

Bhanumati hakuwa na marehemu.

Alikuwa mkunga wa Kheripara, kata iliyo kingoni mwa mto mpana. Ni mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepokea watoto mia sita na arobaini. Baba yake alikufa, ni kweli, lakini alikufa kwa kuanguka kutoka mfenesi wa jirani usioruhusiwa kupandwa, na ukoo ulikubaliana jambo hilo lisizungumzwe. Mumewe, Tulsiram, fundi wa kutengeneza miavuli, alikuwa hai, na kikohozi hana.

Kheripara ilikuwa na nyumba ya uzazi. Ilikuwa imezinduliwa mara tatu, kila mara kwa utepe mpya, na kila utepe ulipokatwa kufuli lilirudishwa. Ndani mlikuwa na vitanda vinne vilivyovikwa nailoni bado, na juu ya vitanda hivyo chama kilihifadhi bendera. Ufunguo ulikaa kwa diwani, na diwani alikaa mjini. Basi uzazi ukiwa mgumu, mama hubebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka mtoni, akangojea pantoni ya kumvusha kwenda hospitali ya wilaya. Masika yaliyopita walibebwa watatu. Pantoni ilikuwa imekwenda kuleta wapiga ngoma wa mkutano. Wote watatu walirudishwa kwa kitanda kilekile.

Sasa Lakhirani, binti pekee wa Bhanumati, alikuwa na mimba ya miezi minne. Uzazi wake wa kwanza alivuja damu mpaka midomo ikawa rangi ya majivu, na mtoto hakuishi. Bhanumati alilishika tumbo lile, akalipapasa, akajua uzazi huu nao utakuwa mgumu. Mwaka huo ilitangazwa kwamba kiti cha udiwani cha Kheripara kimetengwa kwa wanawake. Hakutaka kiti. Alitaka ufunguo. Lakini ufunguo ulikuja pamoja na kiti, akaenda kuchukua fomu.

*

Katibu wa chama katika kata, Bwana Girdharilal, alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni.

"Marehemu?" aliuliza bila kuinua macho.

"Sina."

"Kila mtu anaye. Fikiri taratibu, mama."

"Baba yangu alianguka mtini."

"Akipigania nini?"

"Fenesi."

Aliliandika, akalitazama, akalifuta. "Mume?"

"Yuko nje ananisubiri, na mwavuli."

Girdharilal alichungulia dirishani. Tulsiram alikuwa amechuchumaa chini ya mwavuli mweusi, anatafuna tambuu. "Anaonekana mzima sana," alisema kwa sauti ya daktari anayetoa habari mbaya.

"Mwanangu, hii kata nusu yake imepita mikononi mwangu. Wewe mwenyewe ulitanguliza miguu, nikakuvuta siku nzima."

"Ndiyo maana nataka kukusaidia. Lakini fomu haina mahali pa watoto. Ina mahali pa marehemu."

"Na wanaume wanaleta nini?"

"Picha mbili ndogo."

Bhanumati alizikunja karatasi zake, akainuka. Girdharilal akamwashiria aketi.

"Usiwe na haraka. Sheria inasema awe marehemu. Haisemi awe amezikwa. Inataka hati tu." Akachomoa kalamu ya tatu. "Homa haitashinda. Yule wa upinzani ana baba mkwe wa bomu. Wetu tumpe risasi. Aliikinga bendera ya chama kwa kifua chake, mwavuli mkononi. Mwavuli utawaliza watu."

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Tulsiram alisikiliza huku akinyoosha ubavu wa mwavuli kwa koleo.

"Nitakuwa nimekufa kwa muda gani?"

"Miaka mitano. Muhula mmoja."

"Na chakula?"

"Nitakupikia."

"Nitaruhusiwa kusema humu ndani?"

"Humu ndani, ndiyo. Nje, hapana."

"Basi sijaona tofauti yake na ndoa, Mama Lakhi."

Lakhirani alikuwa ameketi kizingitini, miguu imemvimba, akacheka mpaka akashika mbavu. Tulsiram aliitazama ile miguu kwa muda. Hakutania tena.

"Waambie waniandike," alisema.

*

Hati peke yake haikutosha. Sheria ilitaka vipande vya bangili visivyopungua sita, vilivyovunjwa hadharani, vitiwe katika bahasha na kupigwa muhuri. Katika nchi ile mwanamke huvaa bangili za kioo na kujipaka rangi nyekundu penye njia ya nywele maadamu mumewe yu hai. Akifa, bangili huvunjwa na rangi hufutwa. Bhanumati alivunjiwa zake sokoni siku ya gulio, mbele ya watu mia nne, akavikwa sari nyeupe yenye pindo la rangi za chama. Alikuwa amezivaa tangu arusi yake. Alilia kwelikweli, na watu wakasifu, wakasema huyu analia kwa ustadi, atafika mbali. Tulsiram naye alikuwepo nyuma ya wauza vitunguu, akajifuta macho, mpaka polisi mmoja akamwomba kwa adabu aende nyumbani asiharibu msiba.

Kampeni ilikuwa fupi. Mabango yalimwonesha Tulsiram ukubwa wa mlango, kifua wazi, damu imechorwa kwa rangi nyekundu. Pembeni, chini, palikuwa na uso wa Bhanumati ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Kwenye mikutano hakuruhusiwa kutaja nyumba ya uzazi, kwa kuwa mjane anayezungumzia uzazi huwachanganya wapiga kura. Aliketi akijifunika uso, na wapiga ngoma waliimba:

*Kura mpe marehemu, hatokula mali yenu,*
*Hana njaa wala hamu, hajengi kiwanja chenu,*
*Ni kiongozi muhimu, naye ni mzikwa wenu,*
*Akisema hasikiki, ndiyo amani ya nchi.*

Wiki ya mwisho iligundulika kwamba yule baba mkwe wa upinzani aliuawa na bomu lake mwenyewe, akilifunga kwa waya. Bhanumati alishinda kwa kura nyingi. Siku hiyo Lakhirani alikuwa na miezi saba na nusu.

*

Katika ukumbi wa baraza kiti cha diwani kiliwekewa picha ya Tulsiram, yenye shada la maua ya manjano. Bhanumati alipewa kigoda pembeni. Kwa kuwa mjane yumo msibani, kanuni zilisema, na sauti yake huenda ikatetemeka, hoja zake hutolewa na Msemaji wa Marehemu, anayeteuliwa na chama. Chama kilimteua Girdharilal.

"Naomba ufunguo wa nyumba ya uzazi," Bhanumati alisema, kabla hata dua haijakwisha.

Girdharilal aliinamia picha, akatega sikio, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Madiwani kumi na wanane, wote wanaume, waliinama pamoja naye.

"Marehemu anakubali kwamba nyumba ile ifunguliwe."

Bhanumati alishusha pumzi. Alikuwa ameishikilia tangu siku ya bangili.

"Anashauri iwe makumbusho."

"Makumbusho ya nani?"

"Yake. Ni mnyenyekevu, amesita sana kulisema."

Wale kumi na wanane wakagonga meza kwa viganja, na hoja ikapita. Bhanumati alisimama, akasema mume wake hajasema hivyo, kwamba amemwacha nyumbani sasa hivi anakula dengu. Mwenyekiti alimpa pole. Alisema majonzi humfanya mtu aone vingi.

Kikao kilichofuata Tulsiram alikuja mwenyewe. Alivaa shati safi, akanyoa, akasimama mlangoni mpaka alipoulizwa haja yake.

"Mimi ndiye Tulsiram. Sijaomba makumbusho, wala sijakufa. Nilikopesha jina langu ili mlango ufunguliwe, maana binti yangu amebakiza siku chache. Nipeni ufunguo, kisha mniue mnavyotaka."

Baraza lilitaharuki. Mwenyekiti alifunua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akafunua tena. "Kanuni ya tisa," alisema. "Marehemu huleta maoni yake kupitia msemaji."

"Msemaji ni huyu, mwongo."

"Ndugu yangu," Girdharilal alisema kwa upole, "wewe unafanana naye, na hilo si kosa lako. Lakini unaiumiza familia." Akamtazama vizuri. "Hiyo miwani. Ni ya marehemu?"

"Ni yangu."

"Ndiyo hiyohiyo, basi."

Miwani ilichukuliwa, pamoja na koleo na nyundo ndogo iliyokuwa mfukoni, kwa ajili ya kabati la kioo. Tulsiram alirudi nyumbani akipapasa kuta. Tangu siku hiyo hakuweza tena kutia uzi kwenye ubavu wa mwavuli, na hata angeweza, watu wa Kheripara, ambao kila asubuhi walimwona akipiga mswaki barazani, walikuwa wameacha kumpelekea. Hawakumchukia. Waliona haya kumsumbua.

*

Makumbusho yalifunguliwa siku ya Alhamisi, saa sita mchana. Vitanda vinne vilivuliwa nailoni, vikazungushiwa kamba nyekundu. Kimoja kilitundikwa kibao: *Hapa marehemu angelala, kama angeugua.* Spika zilisikika hadi ng'ambo ya mto. Pantoni ilikuwa imekwenda kumleta mkuu wa wilaya.

Saa hiyohiyo Lakhirani alishikwa na uchungu.

Bhanumati alikimbia na mkoba wake mpaka nyumba ya wakwe, mitaa miwili tu. Mlangoni pa chumba alisimama Phulmani, mama mkwe wa Lakhirani, mikono ameitanua kutoka mwimo hadi mwimo.

"Usiingie, mkwe wangu. Nakuomba kwa miguu yako."

"Mtoto amekaa vipi?"

"Sijui. Naona kisigino."

"Basi nipishe."

"Wewe ni mjane. Mjane haingii chumba cha uzazi. Wewe mwenyewe umewafukuza wangapi mlangoni pako?"

Ilikuwa kweli. Kwa miaka thelathini na mmoja Bhanumati alikuwa amewaambia wajane wasogee mbali, shangazi na mabibi, wengine wakilia, na hakuwahi kuuliza walikwenda kukaa wapi.

"Phulmani, nitazame. Mume wangu yule pale uani, amesimama."

Phulmani alichungulia. Tulsiram alikuwa uani kweli, macho ameyakaza kwa sababu haoni vizuri.

"Namwona. Jana alinipa salamu. Lakini bangili zako zilivunjwa mbele ya watu mia nne, na mimi nilikuwapo. Kule wanamfungulia nyumba. Nina mwana mmoja, mkwe wangu, na mjukuu wa kwanza hakuishi. Siwezi kuthubutu." Alikuwa analia, na mikono hakuishusha.

Basi Bhanumati alikwenda nyuma ya nyumba, akaweka mdomo kwenye ukuta wa udongo, akafundisha. Alisema mpakeni mafuta, asilale chali, apige magoti. Alisema msivute mguu, subirini wa pili. Ndani wanawake walirudia maneno yake, wakayarudia vibaya. Spika zilikuwa zinamsifu Tulsiram.

"Mama," Lakhirani aliita kutoka ndani.

"Nipo."

"Wananivuta."

"Waambie waache."

"Mama, njoo."

Alikwenda. Hakumsukuma Phulmani, alipita chini ya mkono wake kama mtoto. Na alipoingia, wanawake watatu waliokuwa ndani walipiga kelele wakatoka mbio, mmoja akiwa amebeba beseni la maji ya moto, mwingine vitambaa, kwa sababu ndivyo walivyokuwa navyo mkononi. Alibaki na binti yake, na mkeka, na viganja vyake viwili.

Mtoto alitoka hai. Alikuwa wa kike. Damu iliyomfuata haikukoma. Bhanumati alikanda, akabana kwa ngumi, akavua sari yake nyeupe akaijaza humo yote, pamoja na lile pindo la chama. Nje alimsikia Tulsiram akiwaomba vijana kitanda cha kamba, na vijana wakiulizana kama inafaa kumjibu. Kitanda kilipopatikana hapakuwa na mtu wa kubebwa haraka tena.

*

Siku ya nne Girdharilal alikuja. Alivua viatu mlangoni. Tulsiram alikuwa ukutani, amempakata kitoto, anakilisha maziwa kwa utambi wa pamba. Girdharilal alipita mbele yake bila salamu, kama ilivyompasa, akaketi mkekani na kufungua mkoba.

"Pole sana, mheshimiwa. Kata nzima inaomboleza. Kuna taarifa moja ya wilaya, inahitaji sahihi ya diwani."

"Soma."

Alisoma. Ilisema mama mmoja wa Kheripara amefariki katika uzazi, kwa sababu mjane aliingia chumbani kinyume cha mila. Kwamba baraza linaipongeza mila kwa kuthibitika. Na kwamba diwani, mjane wa shujaa Tulsiram, aliyeuawa akiikinga bendera, anawasihi wajane wote wajifunze.

"Mama mmoja," Bhanumati alisema.

"Ndiyo."

"Ana jina. Andika Lakhirani, binti Bhanumati."

Girdharilal aliitazama karatasi kwa huruma ya kweli. "Nafasi haitoshi. Jina na sifa za marehemu zimechukua mistari mitatu. Na taarifa haitaji wanawake waliokufa, mama. Wangekuwa wengi."

Alimpa kalamu. Bhanumati aliishika kama anavyoshika mtu asiyeandika mara nyingi, akainama, na pale palipotengwa kwa ajili ya sahihi ya diwani, na juu yake, na kuvuka mistari yote mitatu, akaandika jina la binti yake kwa herufi kubwa. Ukutani kitoto kilikohoa, kikanyonya.

Girdharilal hakukasirika. Aliichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaipepea wino ukauke, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya goti. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa nakala nyingine, safi, akamwekea mbele.

Bhanumati akaliandika na juu ya hiyo.

Girdharilal akatoa ya tatu.